Nafasi ya Mshono

Mtaani walimwita Fundi Mkasi, na jina hilo hakujipachika mwenyewe. Alipachikwa na wateja waliokuwa wakimkuta anakata suruali huku anapiga soga, uso kaugeuzia mlangoni, mkasi unakwenda zake juu ya kitambaa kana kwamba unaijua njia. Mkasi wenyewe ulikuwa mkubwa, mzito, wa chuma cheusi, na ulikuwa na masharti kama ya mganga. Haukati karatasi. Haukati kamba ya mfuko wa sukari hata kama chai inapoa. Na haushikwi na mtu mwingine yeyote, mkewe akiwemo, ingawa mkewe ndiye aliyeshona kila alichokikata tangu walipooana.

Duka lao lilikuwa chumba kimoja kinachotazama barabara. Meza ya kukatia ilikula nusu ya chumba. Nusu iliyobaki waligawana cherehani ya mkewe, pasi, kabati la vitambaa, na sanamu ya kupimia nguo isiyo na kichwa, ambayo wateja wageni waliwahi kuisalimia. Ukuta wa kushoto ulikuwa wa mbao nyembamba, na ng'ambo yake kulikuwa na saluni ya msusi, mwanamke mcheshi ambaye kila alichokisikia alikijibu kutoka hukohuko aliko. Kila asubuhi mke wa fundi alivuka kwenda kumjulia hali, akachukua na mto wake wa sindano, akarudi sindano zote zimeshatungwa uzi. Fundi alidhani wanawake wale wawili wanapenda kupiga umbeya mikono ikiwa na kazi, na aliona ni jambo la heshima.

Macho yake yalianza kumuaga polepole, kama mgeni anayesimama mlangoni na haondoki. Mwanzoni aliwalaumu wengine. Aliilaumu taa. Aliilaumu chaki. Alivilaumu viwanda vya siku hizi, eti vinatengeneza kitambaa cheusi kupita kiasi. Mikono ilimfichia siri kwa muda mrefu kwa sababu ilikuwa imeikariri kazi. Halafu siku moja mwalimu wa michezo akarudi na suruali yake mpya, akaivaa, akasimama katikati ya duka. Mguu wa kushoto ulifika kwenye kiatu. Wa kulia uliishia juu ya soksi.

"Labda ni mimi niliyebadilika," mwalimu alisema kwa upole, na upole huo ulimuuma fundi kuliko matusi.

Wakaenda zahanati. Daktari wa macho akamkalisha, akamsomesha herufi, akambadilishia vioo kimoja baada ya kingine, mwisho akampa cheti chenye namba za jicho la kulia na namba za jicho la kushoto. Wakatoka hapo wakaenda duka la miwani. Fundi alijaribu fremu moja, akauliza bei pamoja na lenzi zake, akajibiwa, akairudisha fremu mahali pake taratibu kama mtu aliyegusa kitu cha watu.

"Nitakata kwa kukisia," alisema walipofika dukani.

"Na mimi nishone kwa kukisia?" mkewe akamuuliza. "Halafu mteja avae kwa kukisia? Usinichekeshe, baba watoto. Mkasi ukikaa, na cherehani yangu imekaa. Tutabaki hapa na hiyo sanamu, tunatazamana."

Hilo ndilo alilokuwa akiliogopa, na sasa lilikuwa limesemwa waziwazi. Hakuogopa njaa sana. Aliogopa kuwa mtu wa kiti cha mlangoni, anayesalimiwa kwa huruma, anayeulizwa hali ya hewa.

"Agizeni kwenye simu!" Sauti ilitoka ukutani. "Mimi nywele zangu zote naagiza kwenye simu. Miwani ipo, tena kwa bei ya mtu wa kawaida. Mnajaza namba za daktari, wanatengeneza, wanaleta. Mnasumbuka nini?"

Fundi alicheka. Mkewe hakucheka. Alikuwa mwanamke aliyetolewa shule mapema ili akalee wadogo zake, na tangu hapo kila karatasi yenye maandishi mengi ilipelekwa kwa mtu mwingine. Simu aliitumia kupiga na kupokea basi. Lakini jioni hiyo alivuka kwenda saluni akaonyeshwa, na kesho yake mchana akajifunga kibwebwe, akakaa kwenye kigoda chake akamwambia msusi, "Sasa niachie. Nataka nifanye mwenyewe."

Alifanya mwenyewe. Alitanua maandishi kwa vidole viwili mpaka neno moja likajaza kioo kizima, akalisoma, akalisukuma, akavuta jingine, kwa subira ya mtu anayechambua mchele. Fremu alichagua nyeusi, nene, "ili watu wajue umevaa." Namba za daktari akaziingiza, akazirudia, akazirudia tena. Akafika mahali akakwama.

"Wanataka upana," alitangaza.

"Upana wa nini?"

"Wa macho. Kutoka katikati ya mboni hii hadi katikati ya mboni hii. Daktari hajaandika."

"Si upime? Hapa umefika duka gani?"

Hapo wote wawili wakacheka, na msusi naye ukutani. Mkewe akaivua futi shingoni, ile futi laini ya njano iliyokuwa imezunguka viuno vya nusu ya mji. Akamweka fundi kwenye stuli karibu na dirisha, akasimama mbele yake.

"Tazama pua yangu."

Fundi akatazama. Uso wake haukuonekana vizuri kwa karibu vile, ulikuwa umefifia pembeni, lakini alijua kila kitu kilichomo. Ilikuwa zamani sana tangu wasimame hivi, uso kwa uso, hakuna nguo kati yao inayongoja kumalizwa. Aliona haya kidogo, mtu mzima kama yeye.

"Unacheka nini?"

"Sijui."

"Ukicheka macho yanahama. Tulia."

Alinyoosha futi juu ya pua ya mumewe, akarudisha kichwa nyuma, akakisogeza mbele, midomo yake ikihesabu kimyakimya kama inavyofanya siku zote. Kisha akaenda kuiandika namba kwenye simu. Fundi hakumuuliza ni ngapi. Hakuna aliyewahi kumuuliza mwanamke yule vipimo vyake.

Kifurushi kilipofika, mtaa ulijua kabla hakijafunguliwa. Msusi alimwacha mteja nusu kichwa akaja kushuhudia. Muuza matunda wa kona akaja. Mke wa fundi akakata gundi kwa kiwembe, akatoa miwani, akaifuta kwa upindo wa khanga, akamvalisha mumewe kwa mikono yake miwili. Alikuwa na uso ambao fundi hakuuona tangu watoto wao walipokuwa wakileta matokeo mazuri ya shule. Uso huo aliuona vizuri kabisa. Tatizo ni kwamba alikuwa akiona nyuso mbili, na sakafu ilikuwa inapanda kumfuata.

"Haya, sema," mkewe alimwambia. "Unaona?"

Msusi na muuza matunda wakasogea karibu.

"Naona," fundi alisema. "Naona mpaka keshokutwa."

Wakapiga makofi. Na wallahi, uongo huo ulitoka kwa mapenzi matupu, ndiyo maana ulimshinda kuurudisha. Angeanzaje? Mkewe alikwisha kumwambia kila mteja aliyeingia, "Nimeagiza mwenyewe, fomu nimejaza mwenyewe." Muuza matunda alikwisha kumwomba amwagizie na yeye. Mwalimu wa michezo alimletea cheti cha mama yake. Mtu aliyekuwa akitoa hata risiti isomwe na wengine sasa alikuwa anawasomea wengine, na fundi ndiye awe wa kumwambia kazi yako imeharibika?

Basi akajikaza kisabuni. Akivaa miwani, kingo za meza zilijipinda na macho yakamvuta kama kuna mtu anayavuta kwa uzi. Kichwa kilianza kumgonga nyuma ya masikio asubuhi na hakikuacha mpaka alipolala. Alimimina chai pembeni ya kikombe akasema kikombe ni kibovu. Aliinua mguu kuruka kizingiti ambacho bado hajakifikia. Watu wakimwona mlevi husema kavaa miwani. Fundi alikuwa ameivaa kweli, hajatia hata tone kinywani, na aliyumba vilevile.

"Utazoea," mkewe alimtia moyo. "Msusi anasema macho yanahitaji muda."

"Nimeshazoea," alijibu, huku ameshika ukingo wa meza.

Mkewe alipogeuka, aliisukuma miwani juu ya paji la uso, akakata kwa mazoea ya mikono kama zamani. Nguo za kazi rahisi zilikubali. Mashati ya sare yalikubali. Alianza kuamini kwamba angeweza kwenda hivyo hivyo, anadanganya kidogo kidogo, mpaka Mungu atakapoamua vingine.

Halafu akaja nesi.

Alikuwa mwanamke wa makamo, mwembamba, mwenye sauti ya kuzoea kutoamsha wagonjwa. Alibeba koti la kiume limefungwa kwenye shuka safi. Alilifungua juu ya meza na kulinyoosha kola kwa kiganja.

"Hili la marehemu baba," alisema. "Alishonewa hapahapa. Fundi, hulikumbuki?"

Fundi hakuhitaji macho. Aliweka mkono juu ya kitambaa, sufu nzito ya kijivu yenye mistari isiyoonekana ila kwa kuguswa, akakumbuka mpaka mvua iliyokuwa ikinyesha siku alipolikata. Alikuwa kijana, mkasi bado mpya, na baba wa nesi alikuwa karani mwenye mabega mapana aliyekuja kupimwa akiwa ameshika kofia mkononi.

"Jumamosi nakabidhiwa wodi," nesi aliendelea. "Nesi mkuu. Baba alikuwa anasema siku hiyo atakaa mstari wa mbele. Sasa nataka anikatie... nataka unikatie, fundi, liwe koti langu. La kike, linikae. Lakini kitambaa hiki hakitengenezwi tena, nimeuliza kila mahali. Likiharibika, limeharibika." Akaikunja ile shuka. "Ndiyo maana sikulipeleka kwingine."

"Limefika," mkewe alijibu kwa niaba ya duka. "Na sasa ana miwani."

Walifumua koti lote, mishono ikaachia mmoja baada ya mwingine. Ndani ya kila mshono kulikuwa na kitambaa kimekunjwa, kipana kama vidole viwili, akiba aliyoiacha fundi mwenyewe siku ile ya mvua. Hivyo ndivyo walivyofanya kazi siku zote, yeye na mkewe. Mtu humkatii nguo ya mwili wake wa leo tu. Unamwachia nafasi, apumue, anenepe, azae, azeeke. Mafundi wengine walikata kwa ubahili. Wao wawili kila kipimo walikiongeza, bila hata kufikiri, kama mtu anavyofunga mlango akitoka.

Alhamisi asubuhi vipande vya koti vililala mezani vimepigwa pasi. Vipimo vya nesi vilikuwa tayari. Fundi alichora mstari wa bega kwa chaki nyeupe, mkono wake ukajua pa kwenda. Akavaa miwani, kwa kuwa mkewe alikuwa anatazama. Mstari mmoja ukawa miwili. Akaisukuma juu ya paji. Mstari ukapotea kabisa ndani ya kijivu. Akaishusha tena. Akachukua mkasi, akaufungua, akauweka juu ya kitambaa, na ukakaa hapo.

Aliyaona mabega ya yule karani. Aliuona uso wa nesi siku ya Jumamosi. Mistari miwili ilisogea ikaachana, ikarudi, ikaachana tena, na yeye hakujua upi ni wake.

Cherehani ikanyamaza.

"Mbona hukati?"

"Nakata."

"Hukati. Umesimama tangu nilipoanza mkono wa shati, na sasa nimeumaliza."

Fundi aliuweka mkasi chini. Hakuwahi kuuweka chini bila kukata.

"Sioni," alisema.

"Umevaa miwani."

"Nikiivaa ndiyo sioni zaidi."

Hata ukutani kulikuwa kimya, na hapo ndipo fundi alipojua kwamba msusi naye amesimamisha kazi. Mkewe aliinuka polepole.

"Tangu lini?"

"Tangu ilipofika."

"Nilikuuliza mbele za watu."

"Uliniuliza."

"Ukasema unaona mpaka keshokutwa."

"Nilisema."

"Baba watoto." Sauti yake ilikuwa imekauka. "Miwani kuwa mbovu, sawa, vitu huharibika. Lakini umeniacha nisimame barabarani nijisifu kama chizi. Mama wa watu, mama wa yule mwalimu, nimemjazia fomu yake jana. Umeniacha."

"Sikutaka kukuvunja moyo."

"Sasa umeuvunja."

Ilikuwa kweli. Alisimama na miwani yake usoni, nyuso mbili za mkewe zikimtazama, zote zina machozi, na alijiona mjinga kuliko alivyopata kujiona. Angepewa nafasi ya kurudi kwenye siku ile ya makofi angesema ukweli hapohapo, mbele ya muuza matunda na kila mtu.

Mkewe alijifuta uso kwa kiganja. Kisha kitu cha kazi kikamwingia, kile kinachomwingia fundi yeyote mteja anaporudisha nguo. Alinyoosha mkono.

"Ivue. Nipe." Akaigeuza, akaitazama ndani na nje kana kwamba anatafuta mshono. "Inabana wapi?"

"Haibani. Inavuta."

"Inavuta kwenda wapi?"

"Nje. Kila jicho linavutwa upande wake. Kama shati lililopwaya mabega, unavaa lakini halikukai, lina..."

Mkewe alikuwa ameganda, mkono mmoja kwenye futi shingoni.

"Lililopwaya," alirudia.

"Ndiyo."

"Mungu wangu." Akakaa kwenye stuli. "Nilikuongezea."

"Umeniongezea nini?"

"Nafasi. Nusu sentimita huku, nusu huku. Nilipima vizuri kabisa, halafu nikaongeza. Sikufikiri hata kidogo, mkono tu... Nilisema moyoni, huyu asije akabanwa."

Fundi alimtazama. Alijaribu kujizuia akashindwa. Kicheko kilimtoka tumboni, na mkewe, ambaye alikuwa bado ana hasira na alikuwa na haki nayo, akamtazama kwa ukali, kisha midomo ikamchezacheza, kisha naye akaachia. Ukuta ulikuwa umeshaanza kucheka kabla yao.

"Ulidhani macho yatanenepa?" fundi alimuuliza alipopata pumzi.

"Tumbo lako nililipimaje? Si lilijaa?"

Walicheka mpaka wakachoka. Kisha wakaliona koti tena, limelala mezani lote vipande vipande, na kicheko kikaisha. Lenzi mpya zisingeweza kufika kabla ya Jumamosi.

Fundi aliuchukua mkasi. Aliushika kwa upande wa makali, akamwelekezea mkewe mpini.

"Kata wewe."

Mkewe hakuupokea. "Mimi sikati. Mimi nashona."

"Mstari nimekwishauchora, uko sahihi, mkono wangu naujua. Ni kuufuata tu. Mimi siuoni. Wewe unauona."

Mwanamke yule alitazama mkasi, akatazama kitambaa, akamtazama mumewe. Kuna kitu alitaka kusema. Fundi alikiona kikija hadi midomoni kikarudi, naye akadhani ni woga wa kuushika mkasi aliomkataza miaka yote hiyo, akajuta kwa masharti yake ya kijinga.

"Ngoja nipige bandi kwanza," alisema mwishowe.

Alichukua sindano iliyotungwa uzi mwekundu, akamwambia fundi aweke kidole mwanzo wa mstari na kukisogeza, naye akamfuata nyuma kwa mishono mirefu, hadi mstari wote wa chaki ukawa na uzi juu yake. Fundi aliona ni hadhari nzuri, ingawa yeye hakuwahi kuihitaji. Kisha mkewe akaushika mkasi. Mkono wa kushoto ulitangulia, ncha ya kidole juu ya uzi, na mkasi ukafuata nyuma ya kidole. Hakuharakisha. Fundi alifumba macho akasikiliza. Sauti ya mkasi unaokata vizuri ni moja tu, ndefu, haina kigugumizi, na hiyo ndiyo aliyoisikia kutoka bega mpaka pindo.

Jumamosi nesi alilivaa koti mbele ya kioo. Lilimkaa. Aligeuka huku na huku, akatia mkono kwenye mfuko wa ndani, ule wa baba yake waliouacha vilevile, akauacha humo kwa muda.

"Fundi," alisema, "Mungu akulindie mikono."

"Si mikono yangu," fundi alijibu. "Amekata mama watoto."

Alilisema hilo kwa sauti ya kufika saluni, na mkewe akainama kuokota pini ambayo haikuwepo sakafuni.

Duka la mtandaoni lilijibu kwa adabu. Lilisema kipimo kilitoka kwa wateja wenyewe, lakini litawabadilishia lenzi mara hii moja tu, wapime upya. Mke wa fundi hakuitumia futi tena. Alichukua kipande cha boksi, akakiweka juu ya pua ya mumewe, akachomeka pini chini ya kila mboni. "Tazama pua yangu. Usicheke." Kisha akatoka nacho nje, "kwenye mwanga," alisema, akakawia kidogo, akarudi na namba.

"Sitini na mbili."

"Umeongeza?"

"Sijaongeza hata unywele."

Cheti cha mama wa mwalimu alikikagua upya. Huko hakuwa ameongeza kitu, kwani daktari wake alikuwa ameandika kila namba, na fundi alimsikia akishusha pumzi.

Miwani iliporudi, fundi hakutaka mkusanyiko. Aliivaa akiwa peke yake, ameipa barabara mgongo. Sakafu ilikaa chini, mahali pake. Meza ilinyooka. Aliona vumbi la chaki kwenye mikunjo ya vidole vyake, aliona uzi wa bitana, aliona mikwaruzo aliyoiweka yeye mwenyewe ukingoni mwa meza tangu ujana. Macho yalimjaa maji na akaacha yajae. Aligeuka kumwambia mkewe, safari hii ukweli mtupu, kwamba anaona.

Mkewe alikuwa kwenye cherehani, hajui kama anatazamwa. Uzi ulikuwa umekatika. Aliinua sindano kuelekea dirishani, akaisogeza mbali, mbali zaidi, mpaka mkono ukaisha. Akaupeleka uzi. Ukapita pembeni. Akaulamba, akaupeleka tena, ukapita pembeni. Alijaribu kwa uvumilivu, bila kukasirika, kwa namna ya mtu aliyezoea kukosa. Kisha akauchukua mto wa sindano akainuka, akaelekea mlangoni, kwa msusi.

Fundi alikumbuka umbeya wa kila asubuhi. Akakumbuka neno moja lililojaza kioo kizima cha simu. Akaikumbuka bandi nyekundu, na kidole kilichotangulia mkasi.

"Mama watoto."

Mkewe akasimama mlangoni.

"Lile koti la nesi ulilikataje?"

Mkewe hakugeuka mara moja. Alipogeuka alikuwa ameukumbatia mto wa sindano kifuani.

"Kwa kidole," alisema. "Niliufuata uzi kwa kidole."

"Na ile sitini na mbili?"

"Alinisomea msusi kwenye rula."

"Mbona hukuniambia?"

"Ungempa nani akate?" Alisema bila lawama. "Tulikuwa wawili tu humu ndani. Mmoja wetu ilibidi aone."

Fundi alisimama pale na macho yake mapya, hana pa kuyapeleka. Akaivuta stuli mpaka karibu na dirisha, akaipangusa kwa mkono.

"Njoo ukae."

"Nina shati la watu kwenye cherehani."

"Litangoja. Kesho asubuhi tunakwenda kwa daktari. Lakini kipimo hiki nitapima mwenyewe."

Alichukua kipande cha boksi na pini mbili. Mkewe akakaa, mikono magotini, na fundi akasimama mbele yake, akainama mpaka akaona vizuri mboni zote mbili, na mikunjo iliyozizunguka, mipya kwake mingi.

"Tazama pua yangu," alimwambia.

"Usiongeze," mkewe alisema.

"Siongezi."

Akachomeka pini ya kwanza.